Aliyekata Masega

Jacklyne Odero aliinua kifuniko cha mzinga, akabaki amekishikilia hewani. Fremu mbili zilikuwa tupu. Wala haukuwa utupu wa nyuki waliokosa maua. Masega yalikuwa yamekatwa kwa kisu, na ukingo wa nta uliobaki ulikuwa bado mbichi. Chini, kwenye sakafu ya mzinga, majana meupe, watoto wa nyuki wasioota mabawa, yalikuwa yametapakaa kama wali uliomwagika.

Ilikuwa Julai, mwezi wa mawingu na manyunyu, mwezi ambao hakuna mtu mwenye akili zake anayerina asali Nairobi. Wiki moja nyuma alikuta mzinga wake wa pili, ulio kando ya huu, umefanyiwa vivyo hivyo. Alidhani labda yeye mwenyewe ndiye aliyekosea kitu siku ya mwisho alipoukagua, akaliacha jambo lipite. Sasa hakuweza kuliacha.

Kilichomsumbua ni kwamba hakuweza kumwelewa mwizi huyu. Wezi wa asali alikuwa akiwajua. Huja na moto, huunguza nyuki, huangusha mzinga, huchukua wanachoweza na kukimbia. Huyu alikuwa amerudisha fremu kwa mpangilio wake, akafunga kifuniko, na juu yake akaweka jiwe lile lile mahali pale pale. Kisha, pamoja na uangalifu wote huo, akachukua masega yaliyojaa watoto wa nyuki, yasiyo na asali ya kutosha hata kulamba kidole. Mwizi gani awe na adabu hivi na mjinga hivi?

Nyuki mmoja alimchoma kwenye kifundo cha mkono, pale glavu ilipoishia. Aliukwangua mwiba kwa ukucha bila kuubana, kama mumewe alivyomfundisha, maana ukiubana unajidunga sumu yote iliyobaki. Harufu ya ndizi mbivu ilianza kupanda kutoka mzingani. Hiyo ni harufu ya nyuki wanaoitana vitani. Alifunga upesi, akarudi nyuma hadi kwenye ua wa michongoma, akasubiri watulie.

Pale palikuwa nyuma ya nyumba ya Mzee Tarsem, Muthangari, mwisho kabisa wa bustani. Mumewe, Sammy Odero, alimwendesha Mzee Tarsem kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na siku alipoacha udereva alimwomba kona hiyo ya bustani aweke mizinga. Mzee hakusita. Mwaka jana magoti ya Sammy yalipoanza kumsumbua, kazi ya nyuki iliangukia kwa Jacklyne, ambaye mpaka wakati huo alikuwa akiuza tu asali sokoni Kangemi, pamoja na mayai na njugu.

Kivuva, mtunza bustani, alikuwa akikwangua majani makavu karibu na tangi la maji.

"Kivuva, umeona mwizi hapa nyuma?"

Kivuva aliegemea reki yake, akafikiri. "Mwizi, Mama Valarie? Hapana. Mwizi sijaona."

"Hata mtu wa kurukaruka ua?"

"Hakuna mtu ameruka ua."

Alikuwa mtu wa maneno machache, na Jacklyne hakuwahi kumshuku kwa lolote. Lakini jioni hiyo, akitembea kurudi Kangemi, alianza kujiuliza ni nani mwingine anayeshinda pale bustanini mchana kutwa.

*

Sammy alikuwa kitini karibu na dirisha, redio ikiongea yenyewe. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili juu ya kinu cha posho, na kinu kilipokuwa kikisaga, vikombe vilitetemeka kabatini.

"Nyuki wako vipi?" aliuliza.

Jacklyne alimweleza. Sammy alisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa kwa dharau.

"Huyo hajui nyuki. Julai unakata nini? Asali ya Julai ndiyo blanketi yao. Na majana je? Ukikata majana umekata watu wa kazi wa mwezi ujao." Aliinama mbele. "Ulipofungua, moshi wako ulikuwa baridi? Weka mkono mbele ya bomba la moshi kwanza. Ukikuunguza wewe, utawaunguza na wao."

"Ulikuwa baridi."

"Na maji umewapa? Weka vijiti ndani ya beseni wasizame."

"Nimeweka, Baba Vale."

Hapo ndipo Jacklyne alipouona mkono wa mumewe. Kidole cha kati kilikuwa kimevimba, kinang'aa. Akamuuliza kimefanya nini. Sammy alikiangalia kana kwamba naye ndiyo kwanza akione.

"Sijui. Nadhani niliamka hivyo."

Alimpaka mafuta. Siku hizi kulikuwa na mambo mengi ambayo Sammy aliamka nayo hivyo. Alikuwa akitia sukari kwenye chai, akisahau, na kutia tena. Mara moja alimwita binti yao kwa jina la dada yake aliyefariki. Jacklyne aliyaweka yote katika kapu moja, kapu la uzee, na hakurudi kulifungua.

Valarie aliingia kutoka kazini tauni, katikati ya jiji, bado na beji ya ofisi shingoni. Alipohadithiwa kisa cha mzinga hakuchukua muda kuamua.

"Mum, hiyo si hesabu ngumu. Nani anashinda huko siku nzima?"

"Kivuva amenambia hajaona mwizi."

"Atajiona aje?"

Sammy aliinua macho. "Kivuva ni mtu mzuri," alisema, kisha akageukia tena redio.

*

Siku chache baadaye Jyoti, mke wa mtoto wa Mzee Tarsem, alikuwa akielekea kwenye gari lake aliposhambuliwa. Nyuki walimchoma kwenye jicho, kwenye sikio na ndani ya nywele. Jacklyne aliitwa kwa simu kutoka sokoni. Alipofika alimkuta amekaa barazani na kitambaa cha barafu usoni, na Mzee Tarsem amesimama nyuma ya kiti chake, mikono haijui pa kwenda.

"Jacklyne, mimi sielewi," Mzee alisema. "Miaka yote hizi nyuki zimekaa hapo, hata mbwa hazijauma. Sasa zimekuwa kali hivi, kwa nini?"

"Kuna mtu anazisumbua, Mzee. Anafungua mizinga na kukata masega. Nyuki akivunjiwa nyumba mara kwa mara, anamwona kila apitaye kuwa adui."

"Mtu gani?" Jyoti aliuliza kutoka chini ya kitambaa.

Jacklyne alikuwa amekuja na nia ya kuomba radhi, basi. Lakini wote wawili walikuwa wakimtazama, na mlinzi wa lango alikuwa akisikiliza, na mpishi alikuwa ametoa kichwa dirishani, na wote walingoja jibu kutoka kwake kana kwamba yeye ndiye aliyemchoma Jyoti.

"Sijui, Madam. Lakini anayeshinda hapa nyuma ni mmoja tu."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Kivuva aliitwa, na mlinzi akatumwa chumbani kwake. Blanketi lake lilitolewa nje, likakung'utwa mbele ya watu. Sanduku likafunguliwa. Chini ya kitanda palipatikana chupa ya asali.

"Hiyo nimepewa," Kivuva alisema.

"Na nani?" Jyoti aliuliza.

"Na mwenyewe. Mzee Sammy."

Jacklyne alidakia. "Sammy hajafika hapa tangu mwaka jana. Magoti hayamruhusu."

"Anafika, Mama. Anakuja kwa mlango wa nyuma, ako na funguo yake. Ananiambia nimtolee bomba la moshi stoo, na mimi namtolea. Mzinga ni yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama nimeona mwizi. Yeye si mwizi. Tena aliniambia wewe unajua."

"Huo ni uongo," Jacklyne alisema.

Neno hilo lilimtoka kabla hajalipima. Kivuva alimwangalia tu, wala hakuonyesha hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayejaribu kukumbuka ni lini alimkosea. Jyoti alisema hataki kumwona tena hapo nyumbani. Mzee Tarsem alifungua mdomo, akaufunga. Kivuva alilikunja blanketi lake vizuri, likiwa na vumbi vile vile, akatoka langoni.

*

Jioni Jacklyne alivuta kigoda mbele ya kiti cha mumewe.

"Baba Vale, nijibu ukweli. Umekuwa ukienda Muthangari?"

"Mimi? Na miguu hii?"

"Kivuva anasema unaenda. Anasema unafungua mizinga."

Sammy alishangaa, na mshangao wake haukuwa wa kuigiza. Katika ndoa yao yote Jacklyne hakukumbuka mumewe kumdanganya. Hata siku aliyoligonga gari la Mzee alirudi nyumbani na kulitangaza kabla ya kuvua viatu.

"Kwa nini Kivuva aseme hivyo?" Sammy aliuliza taratibu. "Tumekosana?"

"Hamjakosana."

"Basi sielewi."

Naye hakuelewa. Alikuwa na wanaume wawili wasiojua kusema uongo, na mmoja wao alikuwa anasema uongo. Usiku alijaribu kulala upande mmoja, kisha wa pili. Asubuhi alipokuwa akifagia alikuta chini ya kitanda viatu vya Sammy. Soli zilikuwa na udongo mwekundu uliokaukiana, na katikati ya udongo huo vipande vyembamba vya nta.

*

Siku hiyo alikwenda sokoni kama kawaida, akapanga mayai yake. Saa za mchana zilipofika akamwomba jirani wa meza amwangalizie, akaondoka kwa miguu.

Mlango mdogo wa nyuma wa bustani ya Mzee Tarsem ulikuwa wazi. Sammy alikuwa mzingani. Alikuwa amevaa koti lake la zamani la udereva, kichwa wazi, bila wavu wala glavu. Bomba la moshi lilikuwa juu ya jiwe, likitoa uzi mwembamba. Kifuniko kilikuwa chini, na nyuki walikuwa wakitembea juu ya mikono yake mpaka kwenye viwiko.

Jacklyne alitaka kupiga kelele. Lakini mbele ya mzinga uliofunguliwa hakuna kelele wala kurusha mikono, na aliyemfundisha hivyo alikuwa ndiye huyo aliye mbele yake. Alisogea pole pole kutoka ubavuni, akasimama.

"Umekawia," Sammy alisema bila kugeuka. "Simama huku, usiwazibie mlango. Shika hii fremu."

Aliishika. "Baba Vale, unafanya nini?"

"Sasa huoni? Shule zinafunguliwa Jumatatu na Vale hajalipiwa. Tukijaza ndoo, Mzee ataongezea kidogo." Alipitisha kisu kando ya sega kwa mkono usiotetemeka. "Kata ukiacha vidole viwili juu. Ukikata hadi mwisho hawatakuwa na mahali pa kuanzia."

Jacklyne alikuwa amesimama na fremu mkononi, nyuki wakipanda kwenye kitambaa chake cha kichwa. Kila alichosema mumewe kilikuwa sahihi, isipokuwa mwezi na mwaka.

"Vale alimaliza shule," alisema, kwa sauti ya chini kama mtu anayebembeleza mtoto.

Kisu kilisimama. "Alimaliza?"

"Kitambo. Anafanya kazi tauni, ofisini."

Sammy aligeuka. Nyuki mmoja alikuwa akitembea juu ya nyusi yake na wala hakumshughulikia. Macho yake yalimpita Jacklyne usoni, yakarudi, kama ya mtu anayetafuta namba ya nyumba kwenye mtaa aliodhani anaujua.

"Nani alilipa?"

"Wewe. Wewe na hawa nyuki."

"Basi kwa nini nakata?"

Jacklyne aliiegemeza fremu ubavuni mwa mzinga.

"Sijui, Baba Vale."

"Na mimi sijui," Sammy alisema.

Aliangalia mkono wake, kisu, kisha sega lililokuwa ndani ya ndoo. Akaliinua mwangani. Majana yalikuwa yakining'inia kwenye vijumba vilivyopasuliwa.

"Hili lina watoto," alisema kwa uchungu. "Nani amekata hili?"

Jacklyne alimtoa kisu mkononi, kidole baada ya kidole. "Tufunge kwanza. Wanapata baridi."

Wakafunga pamoja. Sammy alimwelekeza ashushe fremu bila kuwasaga nyuki, apulize moshi kidogo juu wazame ndani, aweke kifuniko kutoka upande mmoja. Jiwe aliliweka mwenyewe. Kisha magoti yakamkumbuka, akalazimika kumwegemea njia nzima hadi kwenye benchi la Kivuva, lililokuwa tupu.

*

Kivuva alipatikana Kawangware kwa binamu yake, ameketi mlangoni akirekebisha kamba ya kiatu. Jacklyne hakukaribishwa kuketi. Alisema aliyokuja kuyasema akiwa amesimama, na watoto wa ploti walikuwa wakipita katikati yao.

Kivuva alimaliza kufunga kamba. "Mama, blanketi yangu ilikung'utwa mbele ya watu. Wewe ulikuwa hapo."

"Nilikuwa."

"Sasa unaniomba msamaha hapa, mahali hakuna mtu alisikia."

"Unataka niseme wapi?"

"Pale."

Akasema pale. Ilimbidi Valarie aombe ruhusa kazini ili akae na baba yake, na wakati huo Jacklyne alipanda ngazi za baraza kwa Mzee Tarsem akiwa na Kivuva nyuma yake. Aliomba mlinzi na mpishi waitwe pia. Jicho la Jyoti lilikuwa bado dogo kuliko lingine.

"Kivuva hakuiba," alisema. "Mimi ndiye niliyemsingizia, hapa hapa, na nikamwita mwongo. Aliyekuwa anakata masega ni mume wangu."

"Sasa mimi nashindwa kuelewa," Jyoti alisema. "Mtu anaiba asali yake mwenyewe?"

"Haibi, Madam. Anasahau."

Kutamka neno hilo mbele ya mpishi na mlinzi kulimuuma kuliko alivyotarajia. Alihisi amemvua Sammy koti lake hadharani.

Mzee Tarsem alivua miwani. "Alikuja kwangu mwezi uliopita," alisema. "Aliomba funguo ya gari. Akaniambia, Mzee, tumechelewa dukani." Duka hilo la Mzee lilikuwa Biashara Street, na liliuzwa zamani. "Mimi nilicheka. Nilidhani anataka kunikumbusha siku zile. Nikamwambia, leo tufunge tu, Sammy, twende kesho. Akafurahi, akaenda."

Kisha Jyoti, kwa sauti iliyopungua ukali, akasema bado anaogopa kufika kwenye gari lake, na kwamba mizinga lazima iondoke.

"Hiyo kona nilimpa Sammy," Mzee alisema.

"Papaji, Sammy mwenyewe hajui kama amepewa," Jyoti alimwambia baba mkwe wake.

"Mimi najua."

Walikubaliana kwa shida. Mizinga ingehamishwa nyuma ya tangi la maji, midomo yake itazame ukuta, ili nyuki wakitoka walazimike kupaa juu ya vichwa vya watu. Mlango mdogo ungewekwa kufuli. Sammy asingeingia bila mkewe. Kivuva alirudishiwa kazi yake, akaikubali. Lakini kwa muda mrefu, Jacklyne alipomsalimia, alijibu akiendelea kukwangua majani.

*

Daktari alikuwa tauni, ghorofa ya juu, katika jengo lenye lifti iliyokuwa imeharibika. Alimuuliza Sammy mwaka, naye akamuuliza Valarie kwa macho. Alimuuliza jina la mtaa waliopo, naye akautaja, pamoja na mitaa yote ya kuingia na kutoka na pale ambapo zamani uliweza kuegesha bila kusumbuliwa na askari wa kanju, wale wa baraza la jiji. Daktari aliandika. Alieleza kwamba kuna dawa za kupunguza mwendo wa ugonjwa, kwamba hazirudishi kilichokwenda, na kwamba kuna siku atakuwa mzima kabisa na siku atakuwa hayupo. Valarie alitaka kujua watazitofautishaje siku hizo. Daktari alisema mara nyingi hata siku yenyewe haitajua.

Walipotoka, Sammy aliwatangulia kuvuka barabara, akaelekea Biashara Street bila kupotea hata kona moja. Akasimama mbele ya duka la simu, akatafuta kitu juu ya mlango, pale palipokuwa na kibao cha zamani. Valarie alimshika mkono. "Wamefunga leo, Daddy," alisema, na Jacklyne akajua kwamba binti yake pia ameanza kujifunza.

*

Agosti ilipokaribia kuisha, jua lilirudi na miti ya mibotolbrashi ikaanza kutoa maua. Mzinga mmoja ulikuwa umehamwa. Nyuki wake waliondoka siku ambayo hakuna aliyewaona, wakaacha masega yaliyokatwa pamoja na wadudu wa nta. Uliobaki ulikuwa dhaifu lakini ulikuwa na malkia. Jumamosi, jua lilipoanza kupoa, Jacklyne alimleta Sammy, wote wawili wamevaa wavu.

Alikuwa na siku nzuri. Alimsalimia Kivuva kwa jina, akamuuliza habari za mama yake kule Mwingi. Aliona mizinga imehamishwa, akakubali kwamba nyuma ya tangi ni pazuri, hapana upepo. Alipaka grisi mpya kwenye miguu ya meza ya mizinga kuzuia siafu. Kisha Jacklyne akafungua kifuniko, na Sammy akaona masega yaliyokuwa yakijengwa upya juu ya makovu.

"Yule mwizi," alisema. "Mlimpata?"

Kivuva, aliyekuwa karibu na tangi, aliacha kufanya alichokuwa akifanya.

Jacklyne angeweza kusema kwamba hakupatikana. Sammy angekaa akimtafuta, na kesho pengine angemshuku mlinzi au mpishi. Angeweza kumwambia ukweli, na ukweli ungemwumiza leo na kupotea kufikia jioni, kisha ingembidi amwambie tena.

"Ni mimi, Baba Vale," alisema. "Mimi ndiye niliyekata."

Sammy alimtazama kupitia wavu. Jacklyne hakuinamisha macho.

"Wewe?"

"Sikujua."

"Julai, Mama Vale? Na majana?"

"Sikujua. Nilikosea."

Alingoja akaripiwe. Sammy aliinua bomba la moshi kutoka juu ya jiwe, akaweka kiganja mbele yake kupima joto, kisha akalitia mikononi mwa mkewe na kuvifunga vidole vya mkewe juu ya mpini.

"Basi sogea karibu," alisema. "Tutaanza mwanzo."